Filta za bei nafuu kwa picha za Utende, Mafia: anza na ipi, acha ipi

Maji ya Ghuba ya Chole pale Utende ni safi kiasi kwamba ukisimama ndani ya mashua unaona mchanga na matumbawe chini. Lakini ukipiga picha, mara nyingi unapata mng'aro mweupe tu juu ya maji. Ukizama nayo kamera, kila kitu kinatoka bluu. Hapo ndipo watu wengi wanakimbilia kununua filta, na hapo ndipo wengi wanapigwa.

Utende iko kusini-mashariki mwa Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani. Ndiko liliko lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ndiko wazamiaji wengi wanakoanzia safari. Kwa anayekwenda huko kutembea, au kijana anayewapigia wageni picha kwa malipo, filta sahihi inasaidia kweli. Si lazima iwe ya bei kubwa.

Kabla ya kutoa hela, jiulize swali moja: kazi ya filta hii, app ya simu inaweza kuifanya baadaye? Kama inaweza, acha. Kama haiwezi, hiyo ndiyo ya kununua.

1. Filta ya polaraiza: anza na hii

Huandikwa CPL kwenye ukingo wake, na ina pete inayozunguka. Kazi yake ni kukata mwanga unaoakisiwa na maji, majani yenye unyevu au kioo. Mng'aro ukishafunika matumbawe kwenye picha, hakuna app itakayoyarudisha, kwa sababu kamera haikuyaona kabisa. Ndiyo maana filta hii ni ya kwanza.

Matumizi yake yana ufundi kidogo. Usiielekeze kamera chini wima, wala usiilaze sambamba na bahari. Filta hii hukata mng'aro vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa pembe ya kama nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Kisha zungusha pete taratibu huku ukiangalia kioo cha kamera, mpaka chini kuonekane.

Kwa anga, elekeza kidole cha shahada kwenye jua na usimamishe kidole gumba. Zungusha mkono: kote ambako gumba linaonyesha, ndiko anga litakakoiva bluu. Jua likiwa bado chini mashariki, hiyo ni upande wa kaskazini na kusini. Ukilielekea jua lenyewe likichomoza juu ya Chole, filta hii haina msaada kwa anga. Ivue.

Kumbuka pia kwamba inakula mwanga, kuanzia nusu mpaka robo tatu. Jioni au chini ya miti, picha zinaweza kutoka zimetikisika.

Unatumia simu? Shika filta kwa mkono mbele ya lenzi. Hata miwani ya jua ya polaraiza inafanya kazi hiyo: iweke mbele ya kamera ya simu na uizungushe.

2. Filta nyekundu ya chini ya maji: inategemea kina

Maji hunyonya rangi nyekundu kabla ya nyingine. Ukifika mita 5 hivi, sehemu kubwa ya wekundu imeshapotea, ndiyo maana samaki mwekundu anaonekana kama wa kijivu. Filta nyekundu haiongezi rangi. Inapunguza bluu na kijani ili wekundu kidogo uliobaki uonekane.

Kwa hiyo ina mipaka. Inafaa kwenye kina cha takriban mita 5 hadi 20, penye maji ya bluu na jua kali. Ukielea juu juu na miwani ya maji, itakuletea picha za waridi. Ukishuka zaidi ya hapo, wekundu umekwisha na hakuna cha kuokoa. Hapo unahitaji taa. Na ukiwasha taa, vua filta, maana taa tayari imeleta rangi zote.

Usidanganyike na karatasi ya plastiki nyekundu ya kufungia zawadi. Inaua bluu na kijani kabisa, unabaki na picha ya rangi moja. Filta halisi ina rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa. Ukishaingia majini, itikise kamera kidogo ili mapovu yaliyonasa kati ya filta na kasha yatoke.

Hapa wageni wengi wanakosea: wanainunua kwa ajili ya papa potwe. Papa hao huonekana zaidi upande wa Kilindoni, magharibi mwa kisiwa, kati ya Oktoba na Machi. Hula karibu na uso wa maji, na maji yenyewe huwa na ukijani kwa sababu ya viumbe wadogo wanaoliwa. Filta nyekundu hapo itaharibu picha. Piga bila filta, urekebishe rangi baadaye. Flashi usiwashe, na papa usimguse.

3. Filta ya ND: ya starehe

Hii ni kama miwani ya giza kwa kamera. Inapunguza mwanga ili lenzi ibaki wazi muda mrefu na maji yaonekane laini kama ukungu. ND8 inapitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, ND64 moja ya sitini na nne, na ND1000 moja ya elfu. Picha ya sekunde 1/60 ikiwekewa ND64 inahitaji kama sekunde 1. Ikiwekewa ND1000, inahitaji kama sekunde 17.

Unahitaji stendi imara, na kitu kisichotikisika: mkoko au nguzo ya gati. Mashua zinazoelea zitatoka kivuli tu. Filta za ND za kuzungusha ni rahisi kubeba, lakini za bei chee huacha alama nyeusi ya X ukizizungusha hadi mwisho.

4. Filta ya UV: ngao tu

Kamera za kidijitali tayari huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, hivyo picha haitabadilika. Faida yake ni kukinga lenzi na chumvi na mchanga ndani ya mashua. Ila ukipiga kuelekea jua, kioo duni kitaleta madoa ya mwanga. Ivue kwanza.

Jinsi ya kukagua dukani

- Angalia kipenyo. Mbele ya lenzi kuna alama ø na namba, mfano ø52 au ø67. Usichanganye na namba kama 50mm, ambayo ni urefu wa fokasi.

- Una lenzi zaidi ya moja? Nunua filta moja ya lenzi kubwa, kisha ringi za kuiunganisha na lenzi ndogo. Ringi ni za bei ndogo kuliko filta.

- Jaribu polaraiza kwa kikokotoo cha muuzaji. Elekeza uso wa mbele wa filta kwenye kioo cha kikokotoo na uizungushe. Kioo kikigeuka cheusi, ni polaraiza kweli. Kisipobadilika, umeuziwa kioo cha giza.

- Tazama taa ikiakisiwa kwenye kioo. Mwakisiko hafifu wenye kijani au zambarau unaonyesha kioo kimepakwa tabaka la kuzuia mng'aro. Mweupe mkali ni kioo kitupu.

Chumvi ndiyo adui

Filta ya alumini ikikaa na chumvi hunasa kwenye lenzi. Usiikaze sana, na ukirudi nchi kavu usiiache hapo mpaka kesho. Ifungue, pulizia mchanga kwanza, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ifute kwa kitambaa laini. Ukifuta kabla ya kupuliza, mchanga utachora kioo.

Imenasa? Usitumie koleo. Zungushia mpira wa kufungia noti kwenye ukingo upate mshiko, au iweke kifudifudi juu ya soli ya ndala safi, kandamiza kidogo na uzungushe.

Kwa ufupi, mwenye hela ya filta moja anunue polaraiza. Mzamiaji aongeze nyekundu. ND na UV zinaweza kusubiri. Na uchague saa: maji yanapojaa, maji safi ya bahari kuu huingia ghubani, na hapo hata simu ya kawaida inaona mbali.