Spea za Datsun 240Z: Taja Injini, Usitaje Gari

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Waliojipanga kando ya barabara waliona gari la michezo hasa, milango miwili, boneti ndefu, mlio wa silinda sita. Ila chini ya boneti ile kulikuwa na injini yenye asili ya kawaida kabisa. Nissan walichukua L16 ya silinda nne, iliyofungwa kwenye Datsun 1600 SSS na baadaye 160B, wakaiongezea silinda mbili. Ndiyo L24.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Kipenyo cha silinda ya L16 ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, jumla ya ujazo ni sisi 1595. Gawanya kwa nne, zidisha kwa sita, unapata 2392 na nusu. Vitabu vya Nissan vinaiandika L24 kuwa sisi 2393.

Kwa mwenye 240Z leo, hesabu hiyo ni pesa. Anayetafuta spea kwa jina la gari atazunguka mjini mpaka viatu viishe. Anayezitafuta kwa jina la injini na kwa kipimo atazipata, tena nyingine kwa bei ya spea za saluni kuukuu. Ukifika kaunta ya duka, iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, utaulizwa, "Ya gari gani, mzee?" Ukijibu 240Z utaambiwa hamna, au utatajiwa bei ya mtu aliyeambiwa kuna gari la michezo nje. Omba beringi za konrodi za L16. Zinaingia kwenye L24 bila kuguswa, kwa sababu sehemu ya krenki zinapokaa ina unene ule ule. Seti ya L16 ni ya silinda nne, kwa hiyo nunua seti mbili. Jozi mbili zitakazobaki ziweke kabatini. Beringi kuu za krenki ni habari nyingine. Hizo omba za injini ya silinda sita.

Konrodi zenyewe pia ni ndugu. Za L16 na za L24 zote zina urefu wa milimita 133. Hapa lakini kuna mtego: konrodi za miaka ya mwanzo zina bolti za milimita 8, za baadaye zina bolti za milimita 9. Fundi mvivu akikuletea nne za aina moja na mbili za nyingine, mrudishie zote. Uzito wake haulingani, na injini ya silinda sita inayosifiwa kwa utulivu itaanza kutetemeka kama mashine ya kusaga. Pistoni nazo zina kipenyo kimoja, ila umbo la juu hubadilika kulingana na toleo, kwa hiyo zipange mezani uzilinganishe, kisha zipime kwenye mizani kabla hujazilipia.

Upande wa pili wa ukoo huu ndio mkubwa zaidi. L26 ilibaki na silinda za milimita 83 lakini mwendo wa pistoni ukapanda hadi 79. L28 ikaja na 86 kwa 79, ujazo sisi 2753, na ikaingia kwenye 280Z, 280ZX, hata Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980. Hilo la Patrol ndilo lenye faida kwetu. 240Z zilizobaki katika sehemu hizi za dunia ni chache, ila Patrol zilisambaa, na nyingine zimelala mashambani na kwenye yadi za vyuma chakavu. Bloku ya L28 hukaa kwenye maunti za 240Z bila kuchomelea chochote. Pampu ya maji, pampu ya oili, cheni ya taiming na vifuniko vyake vya mbele ni vya ukoo mmoja. Ukiwa Sharjah, wanakonunua spea wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki, ni rahisi zaidi kuulizia injini ya Patrol kuliko kuulizia ya Z.

Wanaoagiza Japani wawe macho na herufi moja. L20 ni injini ya silinda sita, 78 kwa 69.7. L20B ni ya silinda nne, 85 kwa 86, na bloku yake ni ndefu kwenda juu kuliko za nduguze. Ankara ikisomeka "L20" peke yake, usitume hela kabla hujaonyeshwa picha ya injini nzima.

Mbadala maarufu kuliko yote una ucheshi wake. Nissan walitengeneza pia dizeli ya ukoo huu, LD28, kwa ajili ya magari kama Laurel na Cedric. Krenki yake ina mwendo wa milimita 83. Mafundi wa Marekani na Japani waligundua kwamba ukiifunga krenki hiyo ya dizeli kwenye bloku ya L28, ukatumia konrodi za L24 na pistoni za milimita 89 za KA24E, injini iliyofungwa kwenye pikapu za Nissan, unapata karibu lita 3.1. Krenki ya dizeli, konrodi za mwaka 1970, pistoni za pikapu, na gari linapaa. Ila usikimbilie. Kutoboa silinda kutoka 86 hadi 89 kunapunguza kuta, na unene wa kuta hizo haufanani kati ya bloku na bloku. Zipimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kabla ya kupelekwa kuchongwa. Asiye na kifaa hicho, au asiyejua kilipo, abaki na 86.

Sasa sehemu ambako mbadala huua injini: kemshafti. Katika ukoo wa L, kuna kemshafti zenye tundu ndani zinazojipaka oili zenyewe, na kuna zinazonyunyiziwa oili na bomba jembamba lililopita juu yake. Zote zinakaa kwenye silinda hedi ile ile. Ukifunga isiyo na tundu mahali pasipo na bomba, itazunguka kavu kwa muda mfupi na kulika. Usinunue kemshafti bila kuitazama dhidi ya mwanga.

Roka zake zije nayo, zikiwa zimewekwa alama kwa mpangilio. Roka iliyozoea kemshafti moja haihamishiwi nyingine bila kusawazishwa upya. Chini ya ncha ya kila roka, juu ya springi ya valvu, kuna kipande kidogo cha chuma kinachouzwa kwa unene mbalimbali. Kemshafti ikisagwa upya inapungua, na kipande kile kinatakiwa kiwe kinene zaidi kufidia. Namna ya kuhakiki ni rahisi: paka uso wa roka wino wa fundi, zungusha injini kwa mkono mara kadhaa, kisha ivue roka uangalie. Mkwaruzo unatakiwa ukae katikati ya uso. Ukielekea ukingoni, badilisha unene, rudia. Kazi hii ni ya valvu kumi na mbili, inachosha, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Klachi ina mtego wake. Kuna za milimita 225 na za milimita 240, na kila presha pleti ina kimo chake, kwa hiyo kola inayobeba rilizi beringi lazima iendane nayo. Wengi hununua klachi ya 240 iliyo imara, wakabaki na kola ya zamani, halafu wanalaumu pampu ya klachi kwa sababu gia haziingii. Ukinunua presha pleti ya mtumba, dai na kola yake.

Upande wa umeme, distributa ya 280ZX ya miaka ya 1979 hadi 1983 haina platini, na inaingia kwenye L24 pamoja na kitako chake. Utaratibu wa waya unabadilika, kwani zile za zamani hupitia kwenye rezista kabla ya kufika koili, na takomita ya 240Z inasoma mkondo huo huo. Sindano ya takomita ikilala baada ya kubadili distributa, angalia waya hizo kwanza. Kabureta nazo: za Hitachi za miaka ya 1970 hadi 1972, zenye kuba la mviringo, ndizo za kutafuta. Zile zilizofuata, zenye kichwa bapa, hazikupendwa hata zilipokuwa mpya.

Ringi, beringi, tensheni ya cheni na gasketi zisinunuliwe za mtumba kwa bei yoyote. Ringi mpya, hata kama kopo limeandikwa jina la Kijapani, iingize kwenye silinda yake kabla ya kuifunga kwenye pistoni na upime mwanya wake kwa fila geji; kwa silinda ya milimita 83, robo hadi theluthi ya milimita ni kawaida. Mwanya ukikosekana kabisa, ringi itavimba ikipata moto na kukwaruza ukuta.

Bloku ya asili ikivuliwa ili L28 ikae, isiuzwe. Namba yake ya injini ndiyo atakayoilinganisha mnunuzi na kibati cha gari, na 240Z isiyo na bloku yake hupoteza thamani kubwa hata ikikimbia vizuri zaidi. Ipake oili, ifungie kwenye nailoni, iwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.