Ganzi ya Kidole cha Mwisho Isipuuzwe: Neva ya Kiwiko na Ugonjwa wa Ukoma

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi wamewahi kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza na kuhisi kitu mfano wa umeme kikikimbia hadi kidole cha mwisho. Kinachotoa hisia hiyo si mfupa, bali ni neva ya alna, mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko, chini tu ya ngozi.

Kutoka hapo neva hiyo huingia kwenye kigasha kwa kupenya kati ya vichwa viwili vya msuli mmoja mrefu. Kichwa kimoja huanzia kwenye nundu hiyo, na cha pili kwenye ncha ya kiwiko. Msuli hushuka hadi kwenye kifundo cha mkono, ambako kano yake hujishikiza kwenye kijifupa cha mviringo kinachoweza kuguswa chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Mkulima anaposhusha jembe au fundi anapopiga nyundo, msuli huo ndio unaokunja kifundo na kukivuta upande huo. Neva inayopita katikati yake ndiyo inayouamuru. Kisha huendelea hadi kiganjani, ikaendesha misuli midogo mingi ya vidole na kuleta hisia za kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete.

Ukaribu wa neva hiyo na ngozi ndio unaoiponza. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hustawi katika sehemu za mwili zenye ubaridi, na neva ya alna karibu na kiwiko ni miongoni mwa zinazoshambuliwa zaidi. Neva huvimba, hisia hupotea, na baadaye vidole viwili vya mwisho hujikunja kama kucha za ndege. Ukoma wenyewe haukati vidole, kama inavyosemwa mitaani. Mgonjwa hushika sufuria ya moto bila kuhisi, na vidonda visivyouma ndivyo vinavyoharibu mkono.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kimataifa la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya bado hugunduliwa. Dawa mseto hutolewa bila malipo, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Dawa hizo huua bakteria. Hazirudishi neva iliyokwisha kufa. Ganzi au udhaifu ulioanza ndani ya miezi 6 huweza kupungua kwa tiba ya prednisoloni, na ndiyo maana kuchelewa kuna gharama kubwa.

Si kila ganzi ni ukoma: kuegemea kiwiko kwa muda mrefu au kuvunjika mfupa pia huibana neva hiyo. Lakini mwenye ganzi pamoja na baka lisilohisi mguso afike kituo cha afya. Mhudumu atapapasa neva nyuma ya kiwiko kuona kama imevimba, atagusa kidole cha mwisho kwa ncha ya kalamu mgonjwa akiwa amefumba macho, kisha atamtaka akitanue kidole hicho huku yeye akikisukuma kurudi ndani.