Namba Iliyo Mgongoni mwa Kitabu

Mfugaji wa nyuki wa Manyoni aingiapo maktaba kutafuta kitabu kuhusu asali halazimiki kujua jina la mwandishi. Akielekezwa kwenye namba 638, atakuta vitabu vya nyuki vimesimama pamoja, jirani na vile vya kuku na ng'ombe vilivyo 636. Ujirani huo ni kazi ya mkutubi aliyekifungua kila kitabu na kujiuliza kinahusu nini.

Kazi hiyo ina sehemu mbili. Kuorodhesha ni kuandika katika katalogi jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka na mada zake. Kuainisha ni kukipa namba ya mada, itakayoonyesha mahali pake rafuni. Mfumo utumikao sana ni wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unaogawa maarifa katika mafungu makuu 10. Kilimo ni 630; alizeti ni 633.85.

Ugumu huanza kitabu kinapobeba mada mbili. Kikieleza jinsi nyuki wanavyochavusha alizeti na kuongeza mavuno, anayejifunza huvutwa na picha ya nyuki jaladani, akakipeleka 638. Kanuni yasema vingine: mada moja inapoathiri nyingine, kitabu hufuata ile inayoathiriwa. Basi kitakwenda kwenye alizeti. Mfugaji wa nyuki hakusahauliwa, kwani mada zote mbili huandikwa katalogini; akitafuta "nyuki" ataelekezwa kwenye rafu ya alizeti.

Mfumo wenyewe haukuwatendea wote sawa. Fasihi ya Kiingereza ilipewa 820 nzima, ilhali fasihi ya lugha nyingi za Afrika imebanwa ndani ya 896, na ya Kiswahili hupatikana 896.392. Namba ndefu hukosewa kwa urahisi, na kitabu kilichokosewa namba kimo maktabani lakini hakipatikani, sawa na kilichoibwa.

Mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule bila kusomea ukutubi huikabili hatari hiyo peke yake. Mafunzo rasmi hutolewa na Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hata kabla ya kufika huko, daftari moja latosha kuanzia: kila kitabu na mstari wake, wenye jina, mwandishi, mada na tarakimu 3 za Dewey. Desimali zinaweza kusubiri hadi vitabu vya mada moja vitakapoijaza rafu.