Undugu wa Lugha: Mcheki Darasani mwa Kirusi

Katika makala hii fupi tunaeleza jinsi undugu wa lugha unavyomsaidia mwanafunzi na kumponza papo hapo. Kicheki na Kirusi ni lugha za Kislavoni. Nomino zake hubadili viambishi tamati kulingana na kazi yake katika sentensi, na Mcheki anayesoma mofolojia ya Kirusi chuo kikuu hana haja ya kufafanuliwa jambo hilo.

Tatizo ni maumbo yenyewe. Chukua *ryba* (samaki) na *zub* (jino), maneno yaliyomo katika lugha zote mbili. Kusema "kwa kutumia samaki", wingi, zote husema *rybami*. Lakini "kwa kutumia meno" ni *zuby* kwa Kicheki na *zubami* kwa Kirusi. Kirusi ndicho chepesi hapa, kwani kiambishi ni kilekile. Hata hivyo Mcheki husema *zuby*, na Mrusi akasikia "meno" tu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda kosa hili si geni kwetu. Mwanafunzi Mganda huandika "mbwa inakula" kwa kuwa kwao husemwa *embwa erya*. Ngeli anazijua tangu utotoni. Asichokijua ni kwamba Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa a-/wa-. Wino mwekundu pekee hautoshi. Tuziandike ubaoni, *embwa erya* juu, *mbwa anakula* chini, naye atuoneshe zinapoachana.