Ubunifu Kazini (6): Kijana wa Msasa na Hati za Dola 99

Wiki hii waajiri wamelalamika tena redioni kwamba kijana akishaijua kazi anahama. Lalamiko hilo limenirudisha kwa Richard Drew, ambaye kila nikimkumbuka nashindwa kufupisha.

Drew aliingia kampuni ya 3M huko Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920, chuo kikiwa kimemshinda. Alikuwa akipeleka sampuli za msasa kwenye gereji za rangi mjini St. Paul. Magari ya rangi mbili ndiyo yaliyokuwa fasheni. Fundi akishapuliza rangi ya kwanza huifunika kwa karatasi za gundi ili apulize ya pili. Akibandua, rangi nayo inatoka, kazi inaanza upya, matusi juu. Kijana wa msasa, ambaye hakuwahi kutengeneza utepe wowote, akaahidi kuleta dawa.

Tatizo halikuwa la idara yake, na ndiyo maana nampenda. Utepe wa majaribio ulipakwa gundi kingoni tu. Ukajing'oa, na fundi akamtuma Drew awaambie mabwana zake waache ubahili. Mkuu wake, William McKnight, alimwamuru arudi kwenye msasa. Alirudi, kisha akaendelea na yake. Husimuliwa kwamba mamlaka yake ya manunuzi yaliishia dola 100, hivyo alipotaka mashine aliandika hati za dola 99, moja baada ya nyingine. (Wahasibu watanuna, lakini McKnight mwenyewe alianza mwaka 1907 kama msaidizi wa mtunza hesabu.) Mwaka 1925 utepe wa mafundi rangi ukapatikana, na mwaka 1930 ukafuata ule unaong'aa tunaouita selotepu.

McKnight hakumfukuza. Mwaka 1948 aliandika kwamba makosa ya mfanyakazi aliyeachiwa nafasi hayana madhara kama ya bosi anayetaka kuamuru kila hatua. Drew alibaki 3M hadi alipostaafu mwaka 1962.

Turudi kwa waajiri wetu. Mshahara duni haufidiwi kwa uhuru wa kubuni, na anayedhani hivyo ni mnyonyaji. Ila ofisi nyingi zina sanduku la maoni lenye kufuli, na ukiuliza ufunguo anao nani, watu wanatazamana. Sehemu ijayo twende Toyota, Japani, ambako tangu mwaka 1951 pendekezo la mfanyakazi husomwa na kulipiwa.