Mkono Huufundisha Moyo



Muuzaji wa sokoni Tandika hakuzaliwa mpunjaji. Siku ya kwanza alipoegemeza kidole juu ya mizani, mkono ulimtetemeka. Siku ya mia, kidole kilikwenda pale chenyewe, naye hana habari. Mwanzo alipunja, sasa amekuwa mpunjaji, na mwanawe aliye nyuma ya meza anajifunza.

Abdullah bin Masud amesimulia, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kwamba mtu huendelea kusema kweli hata akaandikwa mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa ni msema kweli. Na mwingine huendelea kusema uwongo hata akaandikwa kuwa ni mwongo. Na tuzingatie: jina huja baada ya kitendo kukaririwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza jambo hili kwa mfano wa mwandishi. Atakaye hati nzuri huiga mkono wa mwandishi stadi kila siku, kwa taabu, mpaka hati ile iwe tabia ya mkono wake.

Basi njia ya kurudi ni hiyo hiyo. Mpunjaji asingoje moyo utakate ndipo aondoe kidole. Na akiondoe leo, moyo ungali mzito, na kesho vivyo hivyo. Nasi wa Temeke na Kinondoni tujiulize: mikono yetu inatuandikia jina gani?

Wabillahi tawfiq.