Urithi wa Baba kwa Mtoto wa Kike

Hapa Robanda, na katika vijiji vingi vya wilaya za Serengeti na Tarime, watu hupenda kupata watoto wa kiume. Mama akizaa wasichana watupu huweza kulaumiwa. Wengine huletewa mke mwenza. Kwa Wakurya iko desturi ya nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume huoa msichana, ili msichana huyo azae watoto kwa ajili ya nyumba ile.

Nyuma ya lawama hizo kuna fikira mbili. Ya kwanza ni kwamba mama ndiye anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Ya pili ni kwamba damu ya baba hubebwa na mtoto wa kiume peke yake. Tuzipime fikira hizi moja baada ya nyingine.

Nani anaamua?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida mtu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Juu ya kromosomu zimepangwa jeni. Jeni ni kama maagizo: nyingine huagiza urefu, nyingine rangi ya ngozi, nyingine aina ya damu.

Jozi 22 ni za namna moja kwa wanaume na wanawake. Jozi ya 23 ndiyo yenye tofauti. Mwanamke ana X mbili (tamka "eksi"). Mwanamume ana X moja na Y moja (tamka "wai"). Mwaka 1905 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Nettie Stevens, aliigundua tofauti hii alipochunguza wadudu wanaoishi ndani ya unga.

Yai la mama hubeba X. Mbegu za baba ni za aina mbili: nyingine hubeba X, nyingine hubeba Y. Yai likikutana na mbegu yenye X, mtoto huwa wa kike. Likikutana na mbegu yenye Y, mtoto huwa wa kiume. Kwa hiyo mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Lakini baba naye hachagui mbegu itakayofika. Basi asilaumiwe mama, wala asilaumiwe baba.

Kwa ng'ombe, mbuzi na nyumbu ni vivyo hivyo: dume ndiye mwenye mbegu za aina mbili. Kwa kuku ni kinyume: yai la tetea ndilo linaloamua. Kwa mamba wa Mto Grumeti, joto la mahali mayai yalipofukiwa ndilo huamua.

Jozi ya katambuga

X ni ndefu na ina jeni zaidi ya 800. Y ni fupi, haifiki nusu ya X, na ina jeni kama 100 tu. Je, jozi gani hii isiyolingana?

Wataalamu wameona kwamba zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, X na Y zilikuwa jozi iliyolingana. Wakati huo watu hawakuwapo. Walikuwapo wanyama wadogo wanaonyonyesha.

Mbegu au yai linapotengenezwa, kromosomu za jozi moja hukaa pamoja na kubadilishana vipande. Kubadilishana huku husaidia kuondoa kasoro. Lakini Y ilipata jeni ya kuagiza mtoto awe wa kiume. Jeni hiyo huitwa SRY, na ilitambuliwa mjini London mwaka 1990. Tangu hapo X na Y ziliacha kubadilishana, sehemu baada ya sehemu. X haikuharibika sana, maana kwa wanawake X hukutana na X mwenzake. Y haikuwa na mwenzake. Kasoro zake zikazidi, na jeni zake nyingi zikapotea.

Fikiri jozi ya katambuga. Moja bado nzima. Ya pili imelika, lakini ncha ya mbele inalingana na mwenzake kama zamani. Ndivyo ilivyo Y. Katika ncha hiyo X na Y zina jeni zilezile. Mojawapo husaidia mifupa kukua. Mvulana anayo kwenye X na kwenye Y. Msichana anayo kwenye X zake mbili. Msichana aliyezaliwa na X moja tu huwa mfupi, kwa kuwa amepungukiwa jeni hiyo.

Kwenye kisigino pana sehemu nyingine ya pamoja, ndogo zaidi. Hii ni kama kiraka: kipande cha X kilinakiliwa kikaongezwa kwenye Y. Sokwe, kama wale wa Gombe, Kigoma, hawana kiraka hicho. Basi kiliongezwa baada ya ukoo wa watu kutengana na ule wa sokwe.

Damu ya baba hubebwa na nani?

Mwili wa baba unapotengeneza mbegu, X na Y hushikana kwenye ncha ya mbele na kubadilishana vipande. Zisiposhikana, mbegu hazitengenezwi vizuri. Kwa njia hiyo kipande kilichokuwa kwenye Y, ambacho baba alikipata kwa baba yake, huweza kuhamia kwenye X na kufika kwa binti.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya Y huenda kwa mwana wa kiume tu. Lakini Y ni kromosomu moja. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, hupata kromosomu 23 kutoka kwa baba yake.

Kugawa ng'ombe na shamba ni mila. Mila iliwekwa na watu, na watu wanaweza kuizungumza upya. Ila tusiseme kwamba binti hana damu ya ukoo. Anayo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mama asilaumiwe akizaa wasichana watupu?
2. X na Y zinalingana wapi? Eleza kwa mfano wa katambuga.
3. Binti hupata kromosomu ngapi kutoka kwa baba yake?
4. Katika kijiji chenu, binti hurithi nini? Jadilianeni.